Shingo ya Ng'ombe Irudishiwe Ugumu Wake

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni,

Pokea salamu zangu, ingawa leo nakupa kwa adabu tu, si kwamba umestahili. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, shule niliiona kwa mbali, lakini kusoma najua na kukasirika najua zaidi. Nakuandikia kuhusu yale uliyochapa Jumamosi, kwamba nyama ya bei nafuu, yaani shingo, muundi na mkia, inaweza kulainishwa na mtu yeyote. Mtu yeyote! Mwanangu, nani alikutuma?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Katika nyumba ya kijana wangu, ambamo naishi, aliyejua kulainisha shingo alikuwa mmoja. Mimi. Mkwe wangu, mke wa huyo kijana, alikuwa akiipika inatoka kama soli ya kiatu, watoto wanatafuna mpaka wanasinzia, kisha ananiita kwa sauti ya upole, mama, njoo utuokoe. Upole ule ndio uliokuwa pensheni yangu. Umeufuta kwa ukurasa mmoja.

2. Umewaambia watu waikaange kwanza mpaka iwe kahawia, watie vitunguu na siki kidogo, wafunike, moto uwe mdogo, na wasifunue-funue. Hayo nilikuwa nikiyafanya nimewapa mgongo, na kila aliyeuliza nilimwambia ni mkono tu, haufundishiki. Sasa mkwe anayasoma kwa sauti, nami nimekaa palepale!

3. Shingo yake imelainika. Hili sitaki kulisema sana.

4. Nyama yangu ilikuwa ikichukua asubuhi nzima, na muda wote huo kigoda changu pale jikoni kilikuwa ofisi. Kijana alikuja kuchungulia sufuria, akanieleza visa vya bosi wake. Mjukuu mkubwa, yule fundi cherehani, alikuja kuonja mchuzi, akanieleza ya mchumba. Siku hizi mkwe akipika hunifungulia redio sebuleni, ananiambia nipumzike. Mtu akiambiwa apumzike kila siku, Ndugu Mhariri, ajue anafungiwa mizigo. Na kweli, juzi nimewasikia wakinong'ona kwamba sasa naweza kwenda kukaa kwa binti yangu, eti kuna hewa nzuri. Hewa! Binti yangu hali nyama kabisa. Nitakwenda kulainisha nini huko, kabichi?

5. Ukiachwa hutakoma. Leo shingo, kesho utawafundisha kubembeleza mtoto mwenye chango, keshokutwa kupatanisha mume na mke, na sisi mabibi wote tutawekwa stoo pamoja na masufuria yaliyotoboka.

Kwa hiyo naomba, tena kwa heshima zote, Jumamosi ijayo uchape masahihisho kwa herufi kubwa: kwamba mlikosea, kwamba shingo ya ng'ombe hailainiki hata kwa maombi, ila ipikwe na mwanamke mwenye wajukuu, na kwamba atakayejaribu peke yake atavunjika meno. Weka na picha ya meno. Ukishindwa hilo, basi waombe wafugaji watuletee ng'ombe wagumu zaidi, nami nitajua pa kuanzia.

Wasalimie wapiga chapa, anayefagia ofisi yenu, na mama yako mzazi, ambaye naamini hajui unachofanya kazini.

Ni mimi nisiyetaka kupumzika,
Bibi wa Jikoni

N.B. Leo mkwe amekwenda kliniki, nikasema acha niwaonyeshe. Nimebandika shingo, nikakaa kukuandikia, hasira zikanichukua mbali. Moshi umefika sebuleni kabla yangu. Mwanangu, kama una ukurasa wowote wa kuokoa nyama iliyoungua, mpe muuza magazeti aje nao mbio, mkwe hajarudi. Masahihisho yanaweza kusubiri.