Mbwa wa Rais Mstaafu na Bakuli Langu

Odelsburg, Iowa
Kwa Mhariri, Gazeti la Tarumbeta

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na sababu ni wewe.

Wiki iliyopita ulijaza kurasa mbili kwa picha za kuviziwa za Rais mstaafu Ostrander na familia yake kwenye pikiniki ya kanisa letu. Ile ya Rais kalala kitini, mdomo wazi, sina neno nayo. Aliyeongoza taifa ana haki ya kukoroma. Ya Mama Ostrander akijikuna mgongo kwa uma, nani asiyewashwa? Lakini ile ya chini kulia, jamani! Mama anampungia mchungaji kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto unampa mbwa wao, Seneta, saladi ya viazi chini ya meza. Pembeni mjukuu kaliinua bakuli alirambe, na kwenye kitako cha bakuli, juu ya utepe wa gundi, linasomeka jina langu: KROGSTAD.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi huandika majina chini ya mabakuli ili yarudi nyumbani, si ili yasomwe na kaunti nzima. Langu lilirudi tupu, nikalibeba kwa fahari, maskini mimi, nikidhani watu wamekula. Mpiga picha wako, Lyle, alishindwa nini kusogea hatua moja?

2. Picha inayofuata inamwonyesha Seneta kalala chali, miguu juu. Hukuandika kwamba siku ile kulikuwa na joto la kuunguza nyasi. Uliandika "Baada ya mlo". Mlo wa nani? Wa KROGSTAD!

3. Hili ndilo linaloniuma. Kwa miaka thelathini na mmoja saladi ya viazi ya kanisa imekuwa yangu. Jumapili nimekuta orodha ya pikiniki ya Agosti ukutani: saladi ya viazi: Verna Tjaden; vikombe vya karatasi: Ardith Krogstad. Vikombe, Ndugu Mhariri! Kwetu vikombe hupewa waume waliofiwa na wake zao, na watu wanaounguza hata maji. Verna akanishika bega: "Pumzika sasa, dada'angu, umetumika vya kutosha." Nikatabasamu mpaka taya likauma. Nilipofika kwenye gari nililia, na sioni haya kusema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

4. Kwa hiyo naomba Seneta aletwe, alishwe saladi yangu mbele ya mchungaji na daktari wa mifugo, kisha apigwe picha akiwa amesimama. Walinzi wenye waya masikioni nao waseme ni nani kati yao aliyerudia sahani, maana macho yangu yaliwaona. Rais mstaafu naye aape kwa Biblia kwamba saladi haikuwa na kosa. Kuapa anakujua, kaapa mara mbili. Wakikataa, Bunge liunde kamati. Na kamati ikija, nitawapikia.

Msalimie mkeo, wasalimie wanao, na Lyle mpe salamu zangu ingawa sijamsamehe.

Wako mwenye uchungu wa haki,
Bi. Ardith Krogstad

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, mume wangu Delbert akapiga kelele kutoka chumba cha chini: "Ardith! Huku kumekufa nini?" Nimeshuka. Kwenye friji ya chini nimekuta bakuli langu la pikiniki, limejaa, limefunikwa vizuri, na saladi imeota manyoya. Delbert aliagizwa kulipakia garini, akapakia viti. Sasa nimekumbuka kwamba lile la pichani ni bakuli langu la pili, pacha wa hili, ambalo Verna aliliazima wakati wa Pasaka, na mpaka leo hajanirudishia kwa mkono wake. Kumbe alilijaza saladi ya kwake akalileta pikiniki!

Ndugu Mhariri, Lyle ana kipaji, Mungu ambariki. Naomba picha ile irudiwe ukurasa wa kwanza, kubwa, na Seneta kalala chali pembeni yake. Sihitaji maelezo mengi. Andika tu: "Bakuli: Krogstad. Saladi: Tjaden."