Nilivyokwama Mnarani Wadi Samail

Ijumaa, 10 Januari 2025

Leo nimepata mpango. Si mpango wa kawaida. Mpango wenyewe!

Ghanima ameandika kwenye kundi letu la baiskeli: Ijumaa ijayo asubuhi tutateremka bonde la Wadi Samail, hapa Oman, kutoka ngome ya Samail mpaka ya Bidbid, tukisimama kwenye minara ya zamani njiani. Anatafuta mtu wa kuongoza. Ghanima anasomesha historia. Akitamka neno "karne", mimi nalisikia kama jina la uturi.

Hamdun, mtoto wa ami yangu, kajitokeza kabla sijanawa mikono. Baiskeli yake nyepesi, unaweza kuitundika kwenye msumari. Yangu naiegemeza ukutani, na ukuta unalalamika. Nikaandika kwamba ngome za bonde hili nazijua kama mto wangu wa kulalia. Sizijui. Mimi nauza mapazia.

Ghanima akajibu: Hamdun aongoze njia, Mudrick asimulie. Nimeisoma "Mudrick asimulie" mpaka chai imepoa.

Jambo lina haraka. Bi Saliha, mamaake Hamdun, kamwambia Bibi yangu, nami nipo, kwamba mwezi huu anataka kwenda kumposea mwanawe, na binti mwenyewe ni huyo huyo Ghanima. Lazima anione mimi kwanza.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekwenda kukagua njia peke yangu. Bonde asubuhi, subhanallah! Ukungu mwembamba juu ya mitende. Milima rangi ya chuma kilicholowa. Minara imesimama vilimani kama watu waliosahau walikuwa wakimsubiri nani. Nikauona mmoja wa udongo, rangi ya mkate, umechomoza juu ya mashamba. Nikautazama. Nikautazama tena. Mbele yangu palikuwa na falaji, ule mfereji wa kumwagilia mitende. Nikaingia mzima mzima, baiskeli juu yangu.

Mwenye shamba, Ami Musallam, hakucheka. Afadhali angecheka. Kanivuta, kaniuliza kama baiskeli imeumia. Nikamuuliza hadithi ya ule mnara. Kasema ni mnara, watu walikuwa wakitazama kutoka juu. Kutazama nini? Wanaokuja. Bas.

Hiyo si hadithi!

Jioni nimeitunga mwenyewe. Binti wa liwali, taa dirishani, mpenzi anakuja kwa ngamia kutoka mbali. Nikamsomea Bibi Mahfudha. Bibi kazaliwa Unguja, kaja Oman mtu mzima, mimi ndiye ninayekaa naye. Kasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo binti alipandaje huko juu?"

Nikasema kwa nguvu za mapenzi.

"Na chakula akiletewa na nani?"

Bibi hana ndoto kabisa.

Jumatatu, 13 Januari

Mchana dukani hakuna mteja. Pazia la buluu linapepea, nimelikodolea macho, ndipo wazo likanijia. Sitasimulia nikiwa chini kama karani. Nitakuwa ndani ya mnara! Wao watafika, watauliza Mudrick yuko wapi, na sauti yangu itateremka kutoka juu pamoja na mwanga wa jua. Nitavaa joho la marehemu babu. Ghanima atainua uso. Hapo hapo Hamdun na baiskeli yake watageuka vumbi.

Tatizo: mlango wa mnara uko juu ya kichwa changu. Zamani walipanda kwa kamba. Mimi na kamba hatuelewani.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemwona Ami Musallam akitumia ngazi kwenye mitende. Nikangoja mpaka akaiegemeza ukutani akaondoka. Kesho nitaiazima. Sikumwambia, nisije nikamsumbua.

Hamdun kapita dukani. Kaniletea kofia ngumu ya baiskeli, kasema anayo nyengine. Kauliza kama Bibi angependa kuja na gari pamoja na mama, aone bonde, kwani hajatoka nyumbani tangu msimu wa joto. Nikasema Bibi hapendi mawe. Kwa nini anauliza? Anapeleleza. Kofia inanikaa vizuri sana, jambo linalozidi kunitia shaka.

Ijumaa, 17 Januari

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Magoti yote mawili yamechubuka.

Nilimpelekea Ghanima ujumbe kwamba nitawakuta mbele. Nikaficha baiskeli mitendeni, nikaibeba ngazi, nikapanda. Ndani baridi, kiza kitamu, harufu ya udongo na njiwa. Nikavaa joho. Nikakaa dirishani.

Ya rabbi, yale niliyoyaona! Maji ya falaji yanapita chini ya mitende kama uzi wa fedha anaoushona mtu asiye na haraka. Mbuzi mmoja mweupe mbali. Adhana ya mtoto anayejifunza, sijui kutoka nyumba gani. Nikamfikiria mlinzi wa zamani aliyekaa hapa hapa, kiwiko hapa hapa. Nikamwonea wivu. Kazi yake kutazama tu! Jua likanigusa shavu, nikafumba macho niisikie vizuri ile adhana.

Nikalala.

Nilipoamka, watu walikuwa chini. Nikachungulia: ngazi hakuna! Ami Musallam kapita kuchukua mali yake, hakujua ndani kuna mtu. Nikataka kuita. Kisha nikasikia sauti ya Bibi.

Bibi! Bi Saliha kamleta na gari, kamkalisha kwenye kiti cha kukunja. Ghanima alikuwa akiuliza msimulizi yuko wapi. Bibi akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja, basi ngoja mimi nikwambie. Babaake alizaliwa bonde hili, akenda Unguja kijana. Kila jioni akimhadithia kwamba mlinzi wa mnara akiona mgeni mbali, huwapigia kelele wanawake: wakati mgeni bado yumo njiani, kahawa imeshatiwa jikoni. Hata kama ni mgeni asiyejulikana.

"Baba akisema, Unguja hakuna mnara," Bibi kasema. "Kwa hivyo yeye akikaa barazani akitazama njia. Akiona mtu tu, ananiita: Mahfudha, tia kahawa!"

Nikamwona Ghanima anafuta macho kwa pembe ya shela. Kwa Kiswahili cha kujiumauma kasema bibi yake akizungumza hivi hivi, alikufa mwaka juzi, na yeye hajakisikia tena kikisemwa namna hii.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaona ndiyo nafasi.

"Enyi wageni wa bonde!" nikanguruma.

Njiwa wote wakatoka kwa pamoja. Joho likanifunika kichwa. Nikasikia Bi Saliha anasoma Ayatul Kursi.

"Mudrick!" kaita Bibi. "Teremka, utaanguka!"

Nikasema siwezi. Hakuna ngazi.

Ghanima kacheka mpaka kakaa chini. Si kicheko kibaya. Nimekichunguza sana, si kibaya. Hamdun ndiye aliyekwenda kwa Ami Musallam akarudi na ngazi, akaishika kwa mikono yote miwili mpaka nikafika chini. Mwisho nikateleza. Akaniinua, akanipangusa vumbi. Hilo ndilo linaloniudhi kwake.

Jumatatu, 20 Januari

Ghanima kaja nyumbani! Kasema kaja kumwamkia Bibi. Kisingizio! Nilivaa kanzu mpya nikajifukiza udi. "Shikamoo, Bibi," kasema, na Bibi kaitikia marahaba ndefu kama wimbo. Wamekaa mpaka Magharibi. Bibi kamfundisha maneno: kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mbeleko ya kubebea mtoto, upenuni. Mimi nilipeleka kahawa mara nyingi sana.

Ijumaa, 24 Januari

Posa imepelekwa. Imekubaliwa. Hamdun.

Nikamuuliza Bibi lini Ghanima alimchagua. Kasema tangu siku ya mnara, Ghanima aliuliza nani aliyefikiri kumleta yeye Bibi bondeni, akaambiwa ni Hamdun.

Baada ya Alasiri nimechukua baiskeli nikenda bondeni. Sikupanda popote. Nimekaa chini ya ukuta, udongo bado una joto la jua. Kivuli cha mnara kikateremka taratibu juu ya mitende, kikavuka falaji, kikapanda upande wa pili. Nimeumia, wallahi. Sikudhani ningeumia hivi. Ami Musallam kapita, kanipa tende kiganjani, akenda zake. Nikazila moja moja mpaka nuru ikaisha.

Jumamosi, 25 Januari

Mtu kaandika kwenye kundi: huko Ibra wanaanzisha darasa la kupanda farasi. Mwalimu anaitwa Abeer. Kwenye picha amesimama ubavuni mwa farasi mweupe, anatazama mbali, mbali kabisa.

Nimejibu kwamba mimi farasi nimewapanda tangu utotoni.

Sijapata hata kumgusa. Lakini baiskeli ina magurudumu mawili tu, na nimeiweza. Farasi ana miguu minne. Ataniangusha vipi?