Choki ya Taa Nne na Tumbawe la Emali

Kasiva Mulei,
Kwa Susu Wayua, nyuma ya soko la ndengu,
Emali.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mali ya Kanisa,
Mzee Musyimi.

Mzee wangu mpendwa,

KUH: KUCHUKULIWA KWA CHOKI, NA MNYAMA ALIYE HATARINI

Naamini goti lako limepata nafuu tangu tuliombee. Mimi ni Kasiva wa Kidato cha Tatu, yule anayesoma Neno kila Jumapili ya vijana. Tumefundishwa shuleni kwamba malalamiko yenye adabu hupangwa kwa nambari, na kwamba mlalamishi aeleze kwanza mambo yalivyokuwa kabla hajaanza kulia. Basi naanza hapo.

Mjomba wangu anafanya kazi pwani, kwenye shamba la kukuza matumbawe lenye kibali. Likizo iliyopita aliniletea kipande kimoja, kinene kama kidole gumba, pamoja na mfuko wa chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Tumbawe ni mnyama, Mzee, ingawa ukiliona utadhani ni jiwe lililoota ukungu. Linakaa katika kabati la vioo ambalo nyanya yangu, Susu Wayua, alikuwa akiuzia mandazi. Chakula chake kikubwa ni mwanga. Likishiba mwanga hufungua vidole vidogo vya kijani na kuvipunga. Likikosa, hujikunja, hugeuka jeupe, na mwisho hufa. Nataka lifike kwenye kongamano la sayansi likiwa limefunguka, kwa sababu sijasikia mtu wa Emali aliyewahi kupeleka bahari huko.

Taa halisi za matumbawe ni za watu wenye mabwawa ya kuogelea. Lakini kanisa lilipoweka taa mpya, Fundi Kyule alinipa tyubu za zamani zilizokuwa zikitupwa, na choki moja, yaani kile kisanduku kinachogawia taa umeme. Choki hiyo iliundwa kuwasha tyubu nne. Fundi aliifunga kwa tyubu moja tu. Tyubu ile iliwaka kama mtu aliyeokoka asubuhi hiyo hiyo.

Jumamosi Mzee Ndolo wa kamati yako aliingia kwetu, akakinga macho kwa kofia, akauliza, "Hii ni taa ama ni hasira?" Akaichomoa choki, akaitia ndani ya kikapu chenye sukumawiki na kuondoka nayo. Tangu hapo tumbawe limejikunja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Choki ilichukuliwa kimya kimya. Katika kanisa letu hata boga la sadaka halibebwi hivyo. Huinuliwa mbele ya ushirika, likasifiwa ukubwa na utamu, watu wakashindana kulinunua mnadani, na aliyelileta akapigiwa makofi. Choki yangu haikuinuliwa wala kusifiwa. Ilifunikwa kwa mboga.

2. Nimesikia kwamba mmoja wa wanakamati alisema, "Sisi tunaomba Mungu apunguze chumvi kwenye kisima, na huyu mtoto anaongeza!" Ni kweli naongeza chumvi. Lakini naongeza katika maji ya mvua, ndani ya kabati la mandazi, na hakuna atakayeyanywa. Nilijaribu kwanza maji ya kisima chetu, nikidhani Mungu alikwisha kunipunguzia kazi, lakini chumvi yake si ya bahari. Ni ya kuharibu sufuria tu.

3. Inasemekana mwanga wangu unasumbua majirani. Sikatai kwamba kuku wa Susu wamechanganyikiwa, na kwamba jogoo sasa huwika wakati wa chakula cha jioni. Sikatai pia kwamba dereva mmoja wa lori alikata kona kutoka barabara kuu, akaingia uani kwetu na kuomba ajaziwe dizeli. Alipewa uji, akaenda zake akiwa ameridhika. Lakini hao majirani wanaosumbuliwa ndio huja na nyungo zao kupepetea ndengu chini ya dirisha letu. Mama Nduku ameihamishia kwaya yote hapo, kwa sababu kule kanisani, kwa taa mpya, sauti ya pili haioni maneno. Siku moja kabla choki haijachukuliwa, nilichelewa kuwasha akaniita kutoka njiani: "Kasiva, washa bahari, mwanangu, tuimbe!" Mtu anayesumbuliwa na taa haombi iwashwe.

4. Hili ndilo lililoniumiza. Mzee Ndolo alimwambia Susu kwamba kuilazimisha tyubu moja kubeba umeme wa nne ni dhuluma, na kwamba kitu kikipita kipimo alichokipangia muumba wake, huungua. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Kweli tyubu zangu hazidumu. Huanza kuwa nyeusi pembeni, zikatetemeka, zikazimika. Lakini nimeangalia nikaona dhuluma hii haikuanza kwa tyubu zangu.

Mwalimu wangu Waithera aliajiriwa kufundisha kemia. Anafundisha kemia, biolojia, hesabu na mpira wa wavu, na mwalimu wa dini anapokwenda mazishini, anatufundisha dini pia. Amekuwa mweusi chini ya macho, na kuanzia katikati ya wiki hutetemeka kidogo anaposhika chaki. Mchungaji wetu ana makanisa manne na pikipiki moja. Mama Nduku huimba sauti ya kwanza, akaruka kuiokoa sauti ya pili, na anapokohoa kwaya yote husimama. Wewe mwenyewe, Mzee wangu, ni mwenyekiti wa mali, wa maji, wa mazishi na wa harusi, ndiyo maana tuliombea goti. Sisi wote ni tyubu moja iliyofungwa kwenye choki ya nne, na hakuna mtu aliyewahi kuja na kikapu kutuchomoa.

5. Kwa hiyo, ikiwa kamati imeamua kwamba kulazimishwa ni dhambi, haki inataka uamuzi huo uwafikie wote. Napendekeza Mzee Ndolo apite kesho na kikapu kikubwa zaidi. Amchomoe Mwalimu Waithera kutoka hesabu. Amchomoe Mchungaji kutoka makanisa matatu. Akuchomoe na wewe kutoka mazishi na harusi, ukae chini na mguu juu ya kigoda. Akimaliza kuzunguka Emali, aende na miji mingine ya barabara hii, maana nasikia hata huko mtu mmoja hufanya kazi ya wanne na kushukuru. Hapo tutakaa gizani sote kwa haki, na sitalalamika tena.

Lakini ikiwa kamati inaona kaunti yetu ya Makueni haiwezi kuendeshwa kwa namna hiyo, basi naomba kwa unyenyekevu choki irudishwe. Ni mnyama mmoja tu, mdogo, na hana mwingine wa kumsemea. Niko tayari kuapa mbele ya ushirika kwamba nitaizima taa kabla jogoo hajakasirika, na kwamba kila kazi ya nyaya itafanywa na Fundi Kyule, wala mimi sitagusa nikiwa na mikono yenye maji.

Msalimie Mama nyumbani, na wajukuu, na kamati nzima bila kumwacha Mzee Ndolo, ambaye Susu anasema sukumawiki zake zilionekana nzuri. Susu anakusalimu. Kwaya inakusalimu kutoka gizani.

Ni mimi mtoto wako katika imani,
mwenye matumaini,
Kasiva Mulei.

Tanbihi: Barua hii niliiandika jana. Leo asubuhi Susu alitaka meza yake ya wageni iliyokuwa chini ya kabati, basi Fundi Kyule na mimi tukatoa kabati la vioo nje, tukaliweka kando ya ukuta wa jikoni. Nilipotoka kuchukua kuni nilikuta tumbawe limefunguka lote, vidole vyote nje, pana kuliko lilivyowahi kufunguka chini ya tyubu. Susu aliliangalia, akaangalia juu, akaniuliza, "Kwani hilo jua la Ukambani ulikuwa umelisahau?" Nilikuwa nimelisahau, Mzee. Ilipofika saa sita maji yalianza kupata moto na tumbawe likaanza kujikunyata tena, likaokolewa na leso ya Susu ya kwenda kanisani, tuliyoitandaza juu ya kabati. Kwa hiyo choki naomba ibaki huko huko. Ninachohitaji sasa, na nahitaji haraka, ni kivuli. Je, lile hema la kanisa la mazishi liko huru wiki hii?