Kufuli Mbili za Choo cha Busunzu

Jumatatu, 9 Julai 1973

Choo cha mfano kimekwisha! Tofali za kuchoma, mlango wa mbao, paa la bati. Hapa Busunzu hakuna nyumba yenye bati jipya kama lile. Ofisi ya kijiji iliyo jirani imeonekana kuukuu ghafla.

Ugomvi umeanza kabla saruji haijakauka. Bwana Hilali, Bwana Afya wa wilaya, anasema bati na misumari ni vya serikali, kwa hiyo kufuli iwe ya serikali. Sista Immakulata wa zahanati ya misheni anasema saruji na mlango ni vya misheni, na kufuli hufungwa mlangoni, haifungwi kwenye bati. Kila mmoja amesema lengo letu ni moja. Wamelirudia neno hilo mara nyingi, na kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Nani amewapatanisha? Mimi, Bazilio, Katibu wa Kamati ya Pamoja! Nimependekeza kufuli mbili: ya serikali juu, ya misheni chini. Mmoja asiweze kufungua bila mwenzake. Wamekubali, wamenipa mkono. Hawakugundua kwamba anayetaka kuingia itabidi amtafute Katibu, ili Katibu awatafute wenye funguo. Jumamosi anakuja Daktari wa Mkoa kumteua Mratibu wa Vyoo wa tarafa nzima. Mratibu anapewa baiskeli. Nani atapewa kama si mtu ambaye bila yeye hata mlango haufunguki?

Jumatano, 11 Julai

Watu hawana shukrani. Mama mmoja kanisimamisha njiani kuniuliza kama wanakijiji walichimba siku sita ili wapate shimo la kutazama. Nimemwelewesha kwa upole kwamba choo cha mfano ni cha kujifunzia. Ameuliza atajifunza nini akiwa nje. Upole umeniishia.

Mbaya zaidi ni Melkiadi, katekista, ambaye naye anaitamani baiskeli. Kaniuliza mbele ya kikundi cha kusikiliza vipindi vya afya redioni, watu ishirini na zaidi, choo cha Katibu mwenyewe kiko wapi. Uchochezi mtupu! Katibu achimbe saa ngapi, na mikutano yote hii? Kwangu kuna migomba ya kutosha.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Winifrida, anachimba shimo nyuma ya jiko. Udongo mpaka magotini! Nimemwambia aache, watu watasema Katibu ameanza kuchimba baada ya kuulizwa. Amejibu kwamba mama yake anakuja Ijumaa. Sijaona uhusiano. Ameendelea kuchimba.

Ijumaa, 13 Julai

Mama mkwe amefika kutoka Rungwe Mpya. Sasa nimeuona uhusiano.

Kwetu mama mkwe hawezi kuonekana na mkwewe akielekea kule. Wala mkwe hatakiwi kuonyesha kwamba anajua watu huelekea kule. Kwenye migomba yangu naweza kutokea saa yoyote, kwa hiyo hawezi kwenda. Shimo la Winifrida limefika kiunoni tu. Mama mkwe kakataa uji. Kakataa maharage. Sasa hanywi hata maji, na mimi sina ruhusa ya kujua sababu.

Winifrida ameomba funguo za choo cha mfano. Anajua ninazo zote mbili. Nilimwambia Bwana Hilali nataka kuitia mafuta kufuli yake isikwame mbele ya mgeni. Nikamwambia Sista vilevile. Kesho nitazitoa mfukoni, moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, Daktari aone ni nani anayewaunganisha hawa watu.

Nimekataa. Choo hakiwezi kutumika kabla ya mgeni rasmi! Nikikubali leo kwa mkwe, kesho kijiji kizima kitataka. Winifrida amesema mama yake akiugua, nitawaeleza kaka zake mwenyewe. Vitisho, ndani ya nyumba yangu! Funguo zimo kwenye mfuko wa koti langu, na koti liko msumarini.

Jumamosi, 14 Julai

Naandika kwa hasira.

Asubuhi nilitangulia kukagua choo. Kufuli zote mbili zinaning'inia wazi! Mlango umerudishwa tu. Nikajua mara moja: Melkiadi. Ameiba funguo ili mgeni akute mlango wazi na mimi nionekane mzembe. Nikazibana kufuli zote mbili, ta, ta, nikamsema Melkiadi kwa sauti, nikimtaja jina. Nikakimbia nyumbani. Koti lipo, funguo hakuna, Winifrida hayupo. Nikarudi mbio.

Wageni walikuwa wameshafika. Saa nzima kabla ya wakati! Daktari wa Mkoa, Bwana Hilali, Sista, watu wote. Ningefanya nini? Nilihutubia. Nilieleza historia ya choo tangu jembe la kwanza. Nilieleza kwamba serikali na misheni ni mikono miwili ya mtu mmoja. Nilisema lengo ni moja, nikasema tena, na kila niliposema niligonga mlango kwa kiganja ili wasikie ulivyo imara. Melkiadi alipiga miayo. Daktari alitazama saa yake mara nne.

Mara Winifrida akatokea njia ya kisimani, ndoo kichwani. Aliziona kufuli zimefungwa, akaitua ndoo haraka mpaka maji yakamwagika. Funguo alikuwa nazo yeye! Alimpa Bwana Hilali mmoja na Sista mwingine. Nikashukuru moyoni, siku imeokoka. Nikatangaza kwamba sasa serikali na misheni watafungua kwa pamoja.

Walifungua kwa pamoja. Mlango ukasukumwa kutoka ndani.

Mama mkwe alitoka, kitenge kimefunika kichwa na uso.

Nikageuka nikatazama upande wa msitu, kama inavyompasa mkwe. Sasa nakielewa kisa chote. Winifrida alimfungulia alfajiri, akaenda kuteka maji. Nilipofika mimi, mama mkwe aliisikia sauti yangu, na angegonga, ningejua yumo. Basi alinyamaza. Alinyamaza wakati nabana kufuli. Alinyamaza hotuba yote, na mimi nagonga mlango karibu na sikio lake.

Daktari alimpa pole na kumuuliza kama yu mzima. Hakunielekea mimi, kwa sababu hasemi nami moja kwa moja. Alimwambia Daktari, na kila mtu alisikia:

"Mwambieni mkwe wangu nimemsikia. Lengo ni moja, amesema mara kumi na tisa. La kwangu lilikuwa kutoka tu."

Walicheka. Sista alicheka mpaka akamshika Bwana Hilali mkono, watu ambao wiki nzima hawakusalimiana vizuri! Wamenicheka mimi kwa umoja ambao mimi ndiye niliyeuanzisha.

Daktari alimuuliza choo kilikuwaje. Akasema ni kizuri, ila kwa nyumba zenye wakwe kisiwe kimoja kwa wote, kila upande uwe na chake, na shimo la binti yake nyuma ya jiko lingemfaa zaidi, maana halina kufuli. Daktari akataka kuliona hilo shimo. Wote wakaenda. Mimi nilibaki nikitazama msitu, sikuwa nimeruhusiwa kugeuka.

Mratibu wa Vyoo ni Winifrida.

Jumapili, 15 Julai

Mama mkwe ameondoka. Jana alikula ugali sahani mbili. Aliniachia salamu kupitia Winifrida: nichimbe. Kanisani Melkiadi aliimba kwa furaha isiyomhusu.

Kufuli zimeondolewa. Watu wanaingia na kutoka kana kwamba ni kwao. Nimeandika barua ya malalamiko kwa serikali, nakala kwa misheni.

Alhamisi, 19 Julai

Baiskeli imeletwa. Nyeusi, ina kengele na kiti cha nyuma. Winifrida alinionyesha jinsi anavyopanda. Akaniambia, "Baba Nestori, nikirudi kazini nitakuwa nakuachia uende nayo mikutanoni." Kuniachia!

Nimechunguza. Fremu imetolewa na serikali, magurudumu na kengele vimetolewa na misheni. Na kamati imeiacha hivi hivi, bila utaratibu! Watu hawajifunzi.

Bahati nzuri zile kufuli na funguo zake ninazo, na minyororo nimeipata. Kwa kufuli ya serikali nimefunga gurudumu la mbele, kwa ya misheni la nyuma. Ufunguo mmoja nimempa Bwana Hilali, ameondoka nao kwenda Kibondo. Mwingine nimempa Sista, yuko safarini Kasulu mpaka Jumatatu. Wote wamekubali kwamba lengo ni moja.

Kesho saa mbili asubuhi Winifrida anatakiwa Kumsenga kwenye mkutano wake wa kwanza. Hapo ndipo atajua Katibu ni nani.