Trela Mbili na Rivasi Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Wiki ya mwisho ya majaribio. Ijumaa bosi wetu, Teri Novotny, ataamua kama nabaki au naondoka. Sina wasiwasi. Miaka ishirini na miwili ya masafa marefu, majimbo arobaini na nane ya Marekani, wiki tatu barabarani, siku mbili nyumbani za kufua na kulala. Sasa navuta trela mbili fupi, moja nyuma ya nyingine, kutoka Lincoln hadi North Platte. Pale nakutana na dereva wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, tunabadilishana trela, kila mtu anageuka kwao. Jioni niko mezani kwangu. Kazi ya kitoto.

Zamu ya mchana kwa kawaida hupewa wakongwe. Mwenye zamu hii amefanyiwa upasuaji wa goti, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na meza ya Teri. Kipaji.

Jumamosi kuna dansi ya polka ukumbini. Miaka sita sasa mke wangu Marcy anacheza na Delmar Zajicek, mgane, mwenye viatu vinavyong'aa. Marcy kasema kwa upole kabisa kwamba nikifeli Ijumaa na kurudi masafa marefu, basi niende, lakini yeye amechoka kuwa mke wa simu. Nimemwambia ampe Delmar pole mapema.

Jumanne, 7 Oktoba

Adui yangu ni Arden Kuhlmann, dereva wa Cheyenne. Miaka sitini na kitu, masharubu ya mvi, mwendo wa mtu anayetafuta funguo. Nina miaka hamsini na moja na ananiita kijana.

Kisa chenyewe ni hiki. Pale tunapobadilishana kuna kafe. Mchana wanauza bakuli la maharage na nyama ya kusaga, na ubavuni andazi la mdalasini kubwa kama kofia. Maandazi huisha mapema. Arden hufika kabla yangu kila siku na kuchukua la mwisho. Leo tena! Alikuwa analichovya kwenye bakuli huku ananitazama. Nikala maharage na biskuti za chumvi.

Magari yote ya kampuni yamewekewa kikomo cha spidi, kwa hiyo barabarani siwezi kumshinda. Lazima niibe muda mahali pengine. Nimeshapata wazo.

Jumatano, 8 Oktoba

Sheria ya kwanza ya trela mbili, waliyonihubiria siku ya kwanza: nzito mbele, nyepesi nyuma. Asubuhi trela nyepesi ilikuwa imeegeshwa karibu na kichwa cha lori, nzito iko mwisho wa yadi. Kufuata sheria kungenilia dakika ishirini. Nikaunga nyepesi mbele. Akili.

Hadi mji wa York mambo shwari. Baada ya York upepo ukaanza. Kwenye kioo nikaona trela ya nyuma inakwenda njia yake, mara kushoto, mara kulia, mkia wa mbwa aliyeona mfupa. Kwenye redio ya madereva mmoja wao akauliza, kwa adabu, kama nina habari kwamba mzigo wangu unacheza. Mwingine akasema niuache, una furaha. Nikaendesha taratibu kama msafara wa mazishi. Vikongwe wawili wenye gari la kulala walinipita na kunipungia.

Nilifika nimechelewa dakika hamsini. Arden alizunguka trela zangu, akagonga ya mbele kwa ngumi, akasikiliza. Kisha akasema, "Kijana, hii iko tupu. Umeipeleka mbele ikakuonyeshe njia?" Nikamwambia ni kosa la yadi. Akasema yadi ina makosa mengi, hasa ikishuka kwenye lori na kuvaa kofia.

Hakuniripoti. Anangoja nafasi nzuri zaidi, najua. Watu wa Wyoming wana subira.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekaa jikoni naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa bandeji. Nieleze vizuri.

Nyuma ya kafe kuna kichochoro. Ukipita huko unafika mlango wa jikoni bila kuzunguka uwanja mzima wa malori. Leo niliunga nzito mbele, kama mtoto mzuri, nikafika North Platte mapema, nikaona lori la Arden linaingia langoni. Nikakata kichochoroni na lori zima. Dakika moja baadaye nilikuwa na andazi mkononi. La moto! Niliondoka nalo kifua mbele.

Kichochoro hakina mwisho. Nasema vibaya: kina mwisho, ndiyo taabu yenyewe. Ukuta.

Sasa, mimi nimerudisha lori nyuma kwenye gati za Brooklyn, katika theluji, huku watu wakinitukana kwa lugha nne. Wenzangu walikuwa wananiita Mfalme wa Rivasi. Hapa kazini waliponiambia trela mbili hazirudi nyuma, nilidhani wanawatisha wageni. Kati ya trela mbili kuna kigari kidogo cha kuziunganisha, na kigari hicho nacho kina maoni yake. Nikakata usukani kulia. Trela ya mbele ikaenda kushoto, kigari kikaenda kulia, trela ya nyuma ikaenda kuwasalimia watu wa jikoni. Nikanyoosha. Ikawa mbaya zaidi. Nilipotoka kuangalia, kigari kilikuwa kimejikunja kama mguu wa kiti cha kambi, na mpishi amesimama mlangoni na mwiko.

Arden alikuja kwa miguu. Akatazama. Akavua koti. Akasema, "Shika hapo. Si hapo. Hapo utabaki na vidole vinne." Saa nzima na nusu. Tuliteremsha miguu ya trela ya nyuma, tukafungua mabomba ya upepo wa breki, tukasukuma kigari kwa mikono na mabega, tukatoa trela moja moja. Kigari kilinibana kiganja. Chuma cha kigari hakina huruma.

Katikati ya kazi simu ikalia. Teri. Mtambo wa lori ulikuwa umemwambia nimesimama mahali pasipo na barabara. Nilimwona Marcy, nikamwona Delmar, nikaona viatu. Nasema kweli, niliogopa. Arden akachukua simu mkononi mwangu. Akamwambia Teri kwamba ananifundisha kufungua na kuunga trela mahali pafinyu, kwa vile ni wiki yangu ya mwisho. Teri akauliza kama nafundishika. Arden akatazama kigari. Akasema nafundishika, ila polepole.

Polepole! Nimeumia.

Tulipokuwa tunafuta mikono akaniambia bila kuulizwa kwamba yeye naye alitoka masafa marefu. Wiki yake ya kwanza ya trela mbili alizikunja hivihivi, na hakupata mtu wa kumshikia simu. Akafukuzwa, akarudi barabarani miaka minane. Aliporudi nyumbani, nyumba ilikuwa tupu, ina mwangwi. Kisha akaondoka zake na trela zangu.

Sijui kwa nini ananisimulia mimi. Upweke wa barabara ile, labda. Nilipopanda kwenye lori nikakuta andazi nimelikalia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepita! Teri alisema, "Hruska, karibu rasmi." Akaongeza kwamba Kuhlmann amenisifia, na Kuhlmann hajawahi kumsifia kiumbe, hata mbwa wake. Bila shaka aliona kipaji.

Nilipomsimulia Marcy habari ya Arden, pamoja na nyumba yenye mwangwi, alinigeuzia mgongo kwenye sinki. Nilidhani ni machozi ya kitunguu. Kisha akanikumbatia kwa mikono yenye sabuni na kusema kumbe nimerudi kweli. Nilifurahi sana. Nikamwonyesha bandeji.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ukumbini. Nilicheza polka tatu na mke wangu mwenyewe. Ya nne, nikaamua kumwonyesha Delmar jambo. Nikamrudisha Marcy kinyumenyume kupitia katikati ya watu, kwa kasi, bila kugeuza shingo. Tulikomea kwenye meza ya vitafunio. Delmar ndiye aliyetuinua. Marcy alicheka hadi akashika ubavu, akaninong'oneza, "Verlin, mpenzi, sisi twende mbele tu. Umenisikia? Mbele."

Nimemsikia. Meza iliwekwa vibaya.

Jumapili, 12 Oktoba

Marcy ameoka kolache, mikate midogo mitamu yenye jamu ya aprikoti, trei nzima, kwa ajili ya Arden. Amezifunga kwenye kopo na kuandika jina lake kwa mkono wake. Kanionya nisifungue. Nimefungua. Zimebaki tisa.

Nimefikiri sana kanisani leo. Kosa la Alhamisi nimeliona: nilikwenda polepole mno. Kigari kinataka kushtukizwa. Na kile kichochoro kilikuwa kimebana, lakini nyuma ya uwanja wa malori kuna eneo wazi kabisa, nimelipima kwa hatua.

Kolache tisa, mzee mwenye masharubu, anakula taratibu. Dakika kumi na mbili hatainua kichwa. Rivasi inahitaji dakika nne.