Shati la Kipimo cha Kumbatio

Jumatatu, 4 Machi

Tumeoana juzijuzi tu, na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo unaruka. Mume wangu! Naandika tena ili nione linavyopendeza: mume wangu!

Leo amerudi na habari. Jumamosi anapandishwa cheo pale ghala la vifaa vya ujenzi. Atakuwa msimamizi, na familia imealikwa. Nikaamua papo hapo: nitamshonea shati kwa mikono yangu, na gauni langu kwa kitambaa hichohicho, buluu yenye maua meupe. Watu wakituona wajue nani ni wa nani.

Kuna vita, lakini. Cherehani ni ya Mama mkwe, kaniazima tangu harusi, na wifi yangu anaitaka. Huyu wifi nimempa jina la Mkaguzi, maana akiingia kwangu lazima apitishe kidole juu ya kabati. Amesema mbele ya Mama kwamba sijawahi kushona zaidi ya foronya, na foronya yenyewe mto ulikataa kuingia. Uongo mtupu. Uliingia. Ulikataa kutoka.

Mama akakata shauri. Shati likimkaa mwanawe Jumamosi, cherehani inabaki kwangu. Lisipomkaa, inakwenda kwa Mkaguzi.

Basi inabaki. Tumemaliza.

Jumanne, 5 Machi

Mkaguzi kaja na futi ya kupimia. Anadai mtu husimamishwa, akanyoosha mikono, akapimwa. Nikamwambia mume si mlango. Isitoshe, shati ni siri. Nataka kumshtukiza.

Nina njia yangu. Naficha uzi wa sufu kiganjani. Nakuja kwa nyuma wakati anaosha vyombo (ndiyo, anaosha vyombo, na Mkaguzi alikagua na hilo!), namkumbatia, nazungusha uzi, nabana kwa kidole pale ncha zinapokutana. Kifua. Tumbo. Kila nikimgusa anajinyoosha kama askari gwaridani, kimya kabisa, haongei mpaka nimwachie. Mapenzi haya yataniliza.

Vipimo vimenishangaza. Kumbe nimeolewa na mwanamume mwembamba! Kwa mbali huonekana amejaa kidogo. Nadhani ni yale mashati ya dukani yanayomharibia umbo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata, nimeshona, nimechoma kidole, nimefumua kola niliyoipachika ndani nje, nimeipachika tena. Imekaa. Karibu yote.

Kitambaa kimebaki tele. Mume wangu hali kitambaa! Nimeongeza marinda kwenye gauni langu, kisha marinda juu ya marinda. Nikipita mlangoni napita upande.

Mkaguzi kaliona shati juu ya meza, akauliza ni la mtoto wa nani. Wivu ni mzigo wake, aubebe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempa shati! Macho yalimlowa. Akageukia ukutani kufunga vifungo, akachukua muda mrefu, akageuka. Lilimkaa kama alizaliwa nalo. Nikauliza kama linambana. Akatikisa kichwa. Nikamwambia aketi tule. Akasema leo anapendelea kula amesimama.

Mkaguzi, ambaye alikuwa amepita kuomba chumvi eti, akamtaka kaka yake anyanyue mkono juu. Kaka yake akajibu kwa sauti nyembamba sana kwamba hajaona sababu ya kunyanyua mkono. Mwanamume wa msimamo! Nikampa Mkaguzi chumvi yake na mlango nikamfungulia.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa hasira, lakini kichwa kiko juu.

Sherehe ilianza vizuri. Tuliingia tumefanana, watu wakageuka. Marinda yangu yalijaza viti viwili. Mama mkwe aliniminya mkono. Mkuu wa ghala akamwita mume wangu mbele, akamsifu, akamkabidhi rundo la funguo. Funguo zikaanguka.

Mume wangu akainama.

Mlio ule ulifika mpaka barabarani. Shati lilipasuka mgongoni kutoka kwenye kola mpaka kwenye mkanda, na kifungo cha mbele kikatua ndani ya soda ya mkuu. Mume wangu akasimama taratibu, akashusha pumzi ndefu, na tumbo likatoka. Tumbo ambalo mimi, mkewe, sijawahi kulishika!

Akasema, "Nisameheni, ndugu zangu. Tangu harusi, mke wangu akinikumbatia navuta tumbo ndani. Sikutaka ajute mapema."

Watu walicheka mpaka mkuu akaiweka chini soda yake. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa anapanga cherehani ataiweka wapi.

Na iandikwe hapa: mshono haukuachia hata mmoja! Kilichopasuka ni kitambaa. Fundi hana kosa.

Jumapili, 10 Machi

Mama na Mkaguzi wamekuja kuichukua cherehani. Mkaguzi kaleta na shuka la kuifunikia njiani. Nilikuwa nimeikalia. Nikasema watanibeba nayo.

Ndipo mume wangu akatoka chumbani kavaa shati langu, mgongo wazi kama dirisha, tumbo mbele bila aibu. "Mama, hiyo cherehani haitoki. Shati hili nalipenda. Nani ataniwekea mgongo?"

Ningeweza kuolewa naye tena palepale.

Mama alimtazama mwanawe, akanitazama mimi juu ya cherehani, akakaa. Akasema sawa, nafasi moja. Nimshonee yeye gauni, likimkaa cherehani ni yangu moja kwa moja. Ila nimpime kama watu wanavyopima. Akachukua futi kwa Mkaguzi, akaniwekea mkononi. Mkaguzi akaondoka na shuka lake tupu.

Nimeelewa kabisa, Mama. Futi nimeitumia kufungia pazia la jikoni, inapendeza mno.

Wakati wa kuagana nilimkumbatia Mama kwa shukrani zote za moyo wangu, uzi kiganjani. Akashtuka kidogo, akajinyoosha, akanyamaza kimya mpaka nilipomwachia.

Kiuno cha msichana! Nani angejua? Kesho nakata.