Salongo ya Ufukweni Imeniponza

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya parokia nzima.

Vijana wa kanisa letu hapa Dilala tulikwenda kufanya salongo, usafi wa pamoja, ufukweni mwa ziwa Nzilo. Nilijitolea kwa moyo wote. Glavu mpya! Buti za baba za mgodini! (Zinanibana, lakini kwenye picha zinapendeza.) Hakuna aliyenichagua kuwa kiongozi. Nilijichagua.

Tukaokota chupa, tukaokota nyavu mbovu. Kisha kwenye matete nikakuta magunia matatu yamezama majini, yamefungwa kwa kamba. Harufu yake! Nusura nitapike.

"Tufungule kwanza?" akauliza Mireille wa kwaya. (Ndiyo, ni yule yule ninayempenda. Nyamazeni.)

"Usiguse! Umu muko imbwa ya kufa," nikamjibu kitaalamu kabisa.

Nikayaburuta hadi kwenye shimo la takataka, nikayatupa juu ya mafuta machafu ya pikipiki. Nikaweka mguu juu ya magunia, nikapigwa picha, nikaituma mtandaoni papo hapo: "Uchafu, kwaheri!"

Ndipo gunia moja likapasuka chini ya buti yangu. Vipande vyeupe, laini, vikamwagika kwenye mafuta. Mbwa gani huyo?

Mara akatokea Mama Kapinga, anayekaa hapo karibu na ziwa, beseni kichwani. Akatazama matete. Akatazama shimo.

"Mihogo yangu! Nani alitosha mihogo yangu mu mayi?"

Watu wote wakanigeukia mimi niliyeyatoa magunia majini. Kumbe mama alikuwa ameiloweka ilainike, aianike, aitwange iwe unga wa bukari, ugali wetu. Mimi unga naujua wa sokoni tu, mkavu, hauna harufu.

"Tata, weye unakulaka bukari?"

"Nakulaka, mama."

"Unazani inatokaka wapi?"

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepata nafuu. Aliketi kando ya shimo akasema taratibu kwamba unga ule ulikuwa wa harusi ya binti yake, juma lijalo, na wageni wa kutoka Kasaji wameshaalikwa. Nikaomba msamaha mpaka sauti ikanikauka. Roho inaniuma hadi sasa.

Kesho asubuhi naenda kwake kumenya mihogo mingine, tuwahi kuiloweka. Picha nimeifuta, ila najua mnayo. Tafadhali msinicheke. Anayeshindwa kujizuia aje acheke huko huko kwa Mama Kapinga, na aje na kisu chake.